Koti la Mkurugenzi wa Misamaha

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba naipenda sana nchi yangu, Jamhuri ya Tulizana, na haya ninayoyaandika nayaandika kwa nia ya kuisifu. Nasema hivyo mapema ili yule ndugu ambaye kazi yake ni kusoma maandishi ya watu na kuyapiga mistari myekundu apumzike, anywe chai, aiwahi familia yake. Sina ugomvi na mtu.

Mimi ni fundi saa, naitwa Sadala. Duka langu limefungwa, huu ni mwaka wa sita, kwa sababu saa ya ukutani niliyoitundika mlangoni ilikutwa imeitangulia saa ya serikali kwa dakika nne. Ni kweli kwamba saa ya serikali ilikuwa imesimama tangu masika ya mwaka uliotangulia, lakini ya kwangu ndiyo iliyokuwa inakwenda, kwa hiyo kosa likawa langu. Nikaambiwa nikaombe msamaha. Na kwetu Tulizana msamaha si neno la kutamkwa ovyo barabarani. Una jengo lake.

Jengo la Misamaha lina ghorofa saba na lifti moja yenye kibao kisemacho INATENGENEZWA. Kibao hicho kimepakwa rangi upya mara mbili tangu nianze kwenda pale, kwa hiyo asije mtu akasema hakuna matengenezo. Langoni kuna kitabu cha wageni, maana kwetu hakuna kinachoanza bila kitabu cha wageni. Unaandika jina, unakotoka, unayekuja kumwona, sababu, muda wa kuingia, muda wa kutoka, na maoni. Kalamu imefungwa kwenye meza kwa kamba fupi sana, hivyo hata mtu mwenye kiburi chake anasaini akiwa ameinama. Kisha unapanda ngazi hadi juu kabisa, kwa Mkurugenzi Pontian Bwimbo, ambaye saini yake ndiyo msamaha wenyewe.

Mlangoni kwa Mkurugenzi anakaa katibu wake, Bi Leokadia, mama mpole anayefuma vitambaa vya makochi kwa sindano moja iliyopinda. Unamwuliza kama Mkurugenzi yupo.

"Yupo," anakujibu bila kuacha kufuma. "Ametoka kidogo. Koti lake si hilo?"

Unachungulia, na kweli koti lipo. Limening'inizwa kwenye mgongo wa kiti, la kahawia, lenye vifungo vitatu. Wageni wasiojua desturi zetu huona ni koti tu. Sisi tunajua kwamba ofisa ambaye koti lake liko kitini yuko kazini, na kanuni za utumishi zinasema hivyo hivyo. Koti la mkubwa haliguswi, halisogezwi, halipanguswi vumbi. Basi unarudi kwenye benchi la kungojea, unakaa.

Kwenye benchi hilo ndipo nilipokutana na Mashavu Nampunju.

*

Mashavu ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, msichana mwembamba anayeongea taratibu kama anayehesabu maneno. Yeye hakuwa amekuja kujiombea. Alikuwa anafuatilia barua ya kaka yake, Chande.

Chande alikuwa mwoka mikate. Waoka mikate huamka wakati sisi wengine tunageuka upande wa pili, na hilo ndilo lililomponza. Siku ya Utulivu, sikukuu yetu kubwa, alikwenda uwanjani kama raia mwema, akakaa mbele kama raia mwema, na hotuba ya Waziri wa Michezo na Utulivu, Mheshimiwa Gwandumi, ilipoingia saa ya nne, Chande akapiga mwayo. Kamera ya televisheni ilikuwa inamtazama yeye. Taifa zima liliona meno ya nyuma ya yule kijana.

Tuna Sheria ya Kuheshimu Hotuba, na Mheshimiwa Gwandumi aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Inasema mtu yeyote, bila kujali cheo, mwenye umri wa kuanzia miaka saba, atakayepiga mwayo wakati wa hotuba ya serikali, atafungwa miaka tisa. Hilo la cheo aliliongeza ili tujue kwamba mbele ya sheria sote ni sawa, na tulimpigia makofi sana.

Chande akafungwa. Mwaka haujaisha, Mtukufu Kiongozi akatimiza miaka sabini na kusamehe watu sabini, na jina la Chande lilikuwemo. Likasomwa redioni. Mama yake, Bi Somoe, akapika wali akagawa mtaa mzima. Ilibaki barua ya kumtoa tu, na barua ilibaki saini tu, na saini ilikuwa ya Mkurugenzi Bwimbo, na Mkurugenzi Bwimbo alikuwa ametoka kidogo.

Miaka minne ikapita. Mashavu alikuja kila Jumatatu na kila Alhamisi. Siku moja akaniambia kwamba mama yake sasa anatofautisha mchana na kivuli tu, ukungu umemjaa machoni, na amesema anachoomba ni kuuona uso wa mwanawe kabla mambo hayajawa giza moja. Nikamwambia nililomzoesha kila siku, na ninalomwambia kila mgeni anayekaa karibu nami: kaa hapa, huenda ikawa leo.

*

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, ambalo mzee kama mimi ilibidi nielezwe mara tatu.

Kuna mchezo wa kompyuta kutoka ng'ambo, wa kupiga risasi. Wewe mchezaji huonekani. Unaiona mikono yako tu na bunduki mbele yako, unakwenda mbele unaua watu mpaka nawe uuawe. Vijana wanaupenda. Wenye mchezo wao wameuacha mlango wazi, ili mpenzi yeyote mwenye ujuzi aufungue, atoe msitu aweke mji, atoe wanajeshi aweke hata kuku, kisha ausambaze bure kwa wenzake. Kazi hiyo vijana huiita modi. Anayeitengeneza hapati chochote ila sifa.

Mashavu akatengeneza modi. Alitoa jangwa, akaweka Jengo la Misamaha.

Nililiona kwenye kompyuta pale kibandani kwake nikashika kichwa. Lilikuwa jengo lile lile, na ufa wa ghorofa ya tatu, na ndoo inayokinga maji ghorofa ya tano, na kalenda ya miaka mitatu iliyopita. Mchezaji anaingia langoni na bunduki nzito kuliko zote duniani. Askari anamwambia, karibu mgeni, saini kitabu. Ukimpiga risasi anajifuta vumbi na kukuonyesha kalamu ilipo. Mashavu alinieleza kwamba hakutaka kumwonea mtu. Ila katika miaka minne hajaona jambo lililowahi kumtikisa yule askari. Pale ambapo michezo mingine huonyesha damu uliyobakiwa nayo, yeye aliandika UVUMILIVU, na ukiisha hufi, unarudishwa langoni kusaini upya.

Mimi pia nimo. Niko kwenye benchi na kofia yangu, na mtu akinisogelea nasema, "Kaa hapa. Huenda ikawa leo." Naambiwa nimepigwa risasi mara elfu tisa na watu wa mataifa mbalimbali, na ninamshukuru Mungu, sijambo.

Ghorofa ya saba yupo Bi Leokadia na kitambaa chake, na nyuma yake kiti, na kwenye kiti koti. Adui wa mwisho ni Mkurugenzi mwenyewe, na ushindi ni kupata saini yake. Nikamwuliza Mashavu wanamkuta wapi huyo Mkurugenzi.

"Sijui, baba," akasema. "Ningejua nisingetengeneza mchezo."

Ndipo nilipomwelewa. Alikuwa ameweka mle ndani kila kitu alichokiona kwa macho yake, bila kuongeza wala kupunguza, kisha akautupa ulimwenguni ili watu wengine wamsaidie kutafuta. Alisema macho yake yamechoka na jengo lile, yamelizoea mno, na penye macho ya watu wengi huenda mmoja akaona ambacho yeye hakioni. Modi akaiita Ametoka Kidogo.

*

Ulimwengu uliingia. Katika miezi mitano watu laki nane, wa nchi sitini na moja, walikuwa wamesaini kitabu chetu cha wageni. Hakuna aliyemaliza mchezo. Watu waliozoea kuteka miji mizima kabla ya chakula cha mchana walikwama kwenye dirisha la ghorofa ya pili kwa sababu hawakuja na picha mbili za pasipoti. Walipofika juu wakakuta koti, wakasubiri, wakauliza, wakaambiwa, kisha wakapandwa na hasira wakalimiminia koti risasi. Koti halikujibu.

Wachezaji huandikiana barua mtandaoni, na Mashavu alizisoma zote. Nyingi zilikuwa matusi ya kawaida ya watu wanaongojea huduma. Lakini moja ilitoka kwa mama mmoja daktari wa meno, wa nchi ya barafu huko juu kabisa, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi langu siku kumi na moja. Aliandika hivi: "Nimelikagua koti hili kila upande. Mbona halina mifuko? Koti gani la mkubwa lisilo na mifuko?"

Mashavu aliisoma mara mbili. Aliniambia baadaye kwamba alilichora koti kwa kulitazama kutoka mlangoni, kwa sababu hajawahi kuruhusiwa kulisogelea zaidi ya hapo. Mifuko hakuichora kwa kuwa hakuwahi kuiona.

Kabla hajajua la kufanya na wazo hilo, serikali ilimjia.

*

Ilianza kwa furaha. Balozi wetu mmoja alipongezwa kwenye karamu kwamba Jengo la Misamaha la Tulizana linajulikana kuliko maporomoko ya maji ya majirani zetu. Akaandika nyumbani kwa fahari. Mheshimiwa Gwandumi naye akatangaza redioni kwamba juhudi zake za michezo zimezaa matunda. Kisha mtu akamwonyesha mchezo wenyewe.

Baraza la Mawaziri likakutana kwa dharura siku mbili. Taarifa iliyotoka ilikuwa fupi na ya kutisha. Ilisema raia wa nchi sitini na moja wameshambulia ofisi ya umma kwa silaha nzito, na koti la Mkurugenzi limepigwa risasi zaidi ya mara milioni mbili. Wazalendo tulishangaa vita vimepita na sisi tumekaa palepale, mimi nikiwa hatua kumi kutoka uwanja wa mapambano.

Wataalamu wa silaha wakatumwa kulikagua koti la kweli. Walilikagua bila kuligusa, kwa darubini, wakiwa wamesimama mlangoni, na wakakuta matundu mawili kwenye bega. Ripoti yao ilieleza kwamba ni matundu ya risasi ndogo sana, zilizofyatuliwa kutoka mbali sana, kupitia mtandao. Kwenye tundu moja alionekana nondo, naye akapigwa picha na kuwekwa kwenye jalada kama ganda la risasi.

Mashavu akakamatwa siku hiyohiyo kibandani kwake, akiwa anabadilisha betri ya simu ya mteja. Shitaka lilikuwa kutaka kumwua Mkurugenzi wa Misamaha. Adhabu yake ni kifungo cha maisha, isipokuwa usamehewe, na mshafahamu nani anasaini misamaha.

Nilikwenda kumpa Bi Somoe habari. Alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele kwa vidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama watamfunga gereza moja na kaka yake. Nikasema sijui. Akasema basi angalau mmoja angemwona mwenzake, akaendelea kuchambua mchele, na mimi nikaaga nikatoka.

*

Kesi iliingia na mushkeli tangu asubuhi ya kwanza. Hakimu wetu, Mheshimiwa Mkeyenge, ni mtu wa kanuni, anatembea nazo kwenye mkoba wenye magurudumu. Akasema kanuni zinataka aliyeshambuliwa afike mbele ya mahakama ili ionekane ni mzima au si mzima. Mwanasheria wa serikali akaomba dakika tano. Akarudi baada ya siku tatu.

Mnaweza kuona ugumu wake. Mkurugenzi hakuonekana nyumbani, wala kwenye kilabu chake, wala kwa ndugu zake. Lakini kusema kwamba hayupo ilikuwa haiwezekani, maana ingezuka habari ya nani aliyekuwa anaiendesha Idara ya Misamaha miaka yote hiyo, na Idara ilikuwa imepata tuzo ya utendaji bora mara mbili. Msimamo wa serikali ukawa kwamba Mkurugenzi yupo kazini, ametoka kidogo. Na kwa kuwa kanuni za utumishi zinalihesabu koti lililo kitini kuwa ni ofisa aliye kazini, serikali ikaomba koti lifike badala yake.

Hakimu Mkeyenge alizipekua kanuni zake mpaka jioni, akaamua kwamba koti ni Mkurugenzi kwa madhumuni yote ya shauri lile.

Lililetwa kesho yake, likiwa kwenye kiti chake, wamelibeba askari wawili waliovaa glovu nyeupe. Sote tukasimama. Likawekwa kwenye kizimba cha mashahidi. Mwanasheria wa serikali akaliuliza kama linamtambua mshitakiwa, likanyamaza. Akaliuliza kama lilipata maumivu. Likanyamaza tena, naye akaiambia mahakama kwamba huo ndio ukimya wa kiongozi mwenye busara, na watu wa mbele wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Zamu ya Mashavu ikafika. Hakuwa na wakili. Alisimama amejifunga khanga ya mama yake.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema, "mimi nilipekuliwa mifuko pale mlangoni. Mzee Sadala alipekuliwa, hata mwanasheria wa serikali alipekuliwa. Naomba kujua kama shahidi huyu naye amepekuliwa."

Mwanasheria wa serikali akaruka kama aliyekalia pini. Akasema huko ni kuidhalilisha ofisi ya umma. Lakini Hakimu alikuwa ameshafungua mkoba wake, na kanuni ya kumi na nne ilikuwa wazi: kila shahidi apekuliwe mifuko kabla ya kutoa ushahidi. Akatikisa kichwa kwa kujilaumu kwamba angelisahau jambo kama hilo.

Askari mmoja akavuta glovu yake vizuri. Akauingiza mkono, wa kwanza katika miaka minne, ndani ya koti la Mkurugenzi Bwimbo. Mfuko wa kulia ulitoa leso. Wa kushoto ulitoa pipi ya mnanaa iliyoyeyuka ikagandamana na karatasi yake. Mfuko wa ndani ulitoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Hakimu akaikunjua, akaisoma kimya, akavua miwani, akaivaa tena, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa barua ya kumtoa Chande Nampunju gerezani. Ilikuwa na muhuri na saini ya Mkurugenzi, na tarehe yake ilikuwa ile ile ya siku ya msamaha, miaka minne nyuma. Alikuwa ameisaini siku hiyohiyo, akaitia mfukoni aiteremshe masijala, akatoka kidogo.

Mashavu hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa khanga. Miaka minne alikuwa akikaa hatua kumi kutoka kwenye barua ile, Jumatatu na Alhamisi, na mimi pembeni yake namwambia huenda ikawa leo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Barua yangu haikuwemo mfukoni, lakini kwa siku ile sikuiulizia.

Shitaka likatupwa kwa sababu shahidi hakuonyesha dalili ya kuumia.

*

Mtu anayeidharau serikali yetu angedhani sasa itafadhaika. Haikufadhaika. Wanasheria wake walikaa chini wakagundua kwamba, kama barua ilisainiwa siku ile, basi Chande hakuwa mfungwa tangu siku ile. Na mtu anayelala gerezani miaka minne bila kuwa mfungwa ni nani? Wakakubaliana kwamba ni mgeni. Na kwa kuwa alikaa muda mrefu na kuhudumiwa na serikali yenyewe, ni mgeni wa heshima.

Mheshimiwa Gwandumi alitoa matamko mawili wiki hiyo. La kwanza ni waraka kwa idara zote, kwamba mifuko ya makoti ya wakuu ishonwe ifungwe ndani ya siku saba, ili siri za serikali zisitoke tena kwa njia hiyo. La pili ni kwamba mgeni wa heshima wa Gereza Kuu ataagwa kwa sherehe kamili, na hotuba ataitoa yeye.

Mashavu aliposikia neno hotuba alikwenda sokoni kununua karafuu, za kumwasha ulimi kaka yake asisinzie.

Sherehe ilifanyika uwanja wa gereza, chini ya maturubai, na bendi ya tarumbeta. Chande aliletwa amevalishwa suti ya mtu mnene na shada la maua shingoni. Kwanza alisaini kitabu cha wageni. Muda wa kuingia aliandika miaka minne iliyopita. Sababu, Mkuu wa Gereza, Afande Kisinda, alimshauri aandike matembezi. Kwenye maoni aliandika: uji upunguzwe maji. Kisha akakaa kiti cha mbele, karafuu tatu chini ya ulimi, maana usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, na nani angelala.

Waziri akaanza. Alianza na historia ya ugeni duniani.

Nilikaa na Bi Somoe mstari wa pili. Hakuwa anaona ila mwanga na kivuli, kwa hiyo alinishika mkono, na kila baada ya muda akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, mdomo wake umefumba?" Nami nikamjibu umefumba. Saa ya kwanza Chande alikuwa sawa. Saa ya pili nilimwona shingo inakakamaa. Saa ya tatu, Waziri alipofika kwenye mchango wa ukimya katika maendeleo ya mkoa mmoja baada ya mwingine, na mikoa yetu ni ishirini na sita, taya la Chande lilianza kutetemeka na machozi yakamtoka. Kamera ya televisheni ikageuka, ikamsogelea. Mashavu, upande wa pili, alikuwa amefumba macho. Bi Somoe akaniuliza tena. Nikasema umefumba, na mara hiyo nilikuwa nasema huku nikiomba dua.

Mbele kabisa alikuwepo mke wa askari mmoja, na mtoto mgongoni wa miezi minane hivi. Mtoto yule alimtazama Mheshimiwa Waziri kwa makini, akafungua kinywa chote, akapiga mwayo mrefu wenye raha. Sheria haimgusi, hajafikisha miaka saba.

Waziri alimwona. Akasimama katikati ya sentensi. Akaishika meza. Akainua mkono, akaushusha, na mbele ya taifa zima, kipaza sauti kikiwa wazi, akapiga mwayo ambao spika nne ziliufikisha hadi sokoni.

Afande Kisinda ni mtu ambaye hajawahi kuchelewa kazini wala kuelewa utani. Akatoa kijitabu cha sheria mfukoni mwa shati, akasoma kwa sauti ile sehemu ya mtu yeyote, bila kujali cheo.

"Lakini sheria hiyo niliiandika mimi," Waziri akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa," Afande akamjibu. "Na imeandikwa vizuri sana."

Bahati nzuri kulikuwa na kitanda kimoja kilichoachwa wazi asubuhi hiyo.

Chande alitoka lango kuu akiwa katikati ya mama yake na dada yake. Hatua chache nje ya kivuli cha ukuta, Bi Somoe alimsimamisha, akamgeuza uso kuelekea jua, akausogelea mpaka pua zikakaribia kugusana, akautazama kwa kile kilichobaki machoni mwake. Alitazama muda mrefu. Kisha akampapasa taya, akamwambia sasa apige. Na Chande akapiga mwayo, akapiga mwingine, akapiga wa tatu akiwa amekaa chini kwenye majani, anacheka na kulia, na Mashavu amemshika bega hataki kumwachia.

Mkate wake siku hizi unapatikana karibu na soko. Mashavu ametoa toleo jipya la modi, na koti sasa lina mfuko wa ndani. Yule daktari wa meno ndiye aliyemaliza wa kwanza.

*

Mimi nimerudi kwenye benchi langu. Suala la saa bado linashughulikiwa.

Jumatatu iliyopita alipanda ngazi mama mmoja wa makamo, amevaa viatu virefu visivyofaa kwa ghorofa saba, anahema, na wino wa kitabu cha wageni kidoleni. Alikuwa mke wa Mheshimiwa Gwandumi. Mtukufu Kiongozi alimsamehe rafiki yake siku ya pili tu baada ya mwayo ule, jina likasomwa redioni, imebaki saini tu. Akamwuliza Bi Leokadia kama Mkurugenzi yupo.

"Yupo," akajibiwa. "Ametoka kidogo. Koti lake si hilo?"

Koti lilikuwa limerudi kitini, na matundu ya begani yamezibwa kwa viraka vizuri vya kufuma. Mama Gwandumi si mjinga, kesi aliifuatilia kama sote. Akaomba kwa adabu sana aangaliziwe tu mfukoni, mara moja, huenda barua imo.

Bi Leokadia akamsikitikia kwa dhati. Akamweleza kwamba ingewezekana zamani, lakini sasa mifuko imeshonwa, tena ameishona yeye mwenyewe, kwa uzi ule mgumu wa makochi, kufuatana na waraka. Akautoa waraka kwenye droo amwonyeshe. Mama Gwandumi aliusoma mpaka chini, kwenye saini, ambayo aliifahamu vizuri kuliko mtu yeyote pale. Akaurudisha mezani.

Nikasogea kumpa nafasi.

"Kaa hapa, mama," nikamwambia. "Huenda ikawa leo."